Ulimi wa Binti wa Fundi Thadeo

Ukitaka kumjua Thadeo wa Mukendo, usianze na mdomo wake. Anza na mikono. Mdomo alikuwa nao, alikula nao na kushikilia nao spoku mikono ikijaa, lakini kwa maneno aliutumia kama mtu mwenye mafuta ya taa kidogo anavyoitumia taa yake.

Alizaliwa Majita, huko kwenye rasi, kwa watu wa samaki. Ziwa lilimkataa mapema. Akiingia mtumbwini anatapika, akitoka anapona, na baba yake akaona kijana wa namna hiyo afadhali atafutiwe kazi ya nchi kavu. Ndiyo akaja mjini Musoma, mtaa wa Mukendo, akajifunza kutengeneza baiskeli. Miaka ya themanini ilipoanza, tairi jipya lilikuwa kitu cha kusimuliwa, na Thadeo ndipo alipopata jina. Tairi lililokwisha alilishona kwa waya. Lililokwisha kabisa alilijaza majani makavu na vitambaa, mwenye nalo akaendesha mpaka Nyasho akirushwarushwa lakini anafika. Karakana yake ilikuwa baraza ya duka la mtu mwingine aliyelifunga kwa sababu hakuwa na cha kuuza, na hakuona haja ya kukaa ndani na kaunta.

Mke wake, Wankyo, alikuwa Mzanaki wa Buswahili, kule upande wa Butiama. Walijuana kwa mnyororo wa baiskeli. Alikuja nayo kutoka kwao, imebeba mihogo, mnyororo umekatika. Thadeo akautengeneza bila kusema neno. Wankyo alikuwa amezoea wanaume wa mnadani wanaosema mengi na kutengeneza kidogo, akaona huyu anafaa.

Sasa sikiliza jinsi jambo lilivyoharibika, maana liliharibiwa na watu wazuri kwa nia nzuri.

Siku ya kupatana, wazee wa Kijita walikaa upande huu, wazee wa Kizanaki upande ule. Mahari iliisha vizuri. Ugomvi ukaja kwenye watoto ambao hawajazaliwa. Mzee mmoja wa Kijita akasema ni wazi watoto wataongea Kijita, kwa kuwa ni wa baba. Mzee mmoja wa Kizanaki akasema mtoto ananyonya kwa nani, kwa baba? Hapo pombe nusura imwagike. Thadeo akainua mkono, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akasema, "Tutaongea Kiswahili."

Wazee wakatazamana. Kila upande ukaona haujashinda, ila upande wa pili pia haujashinda. Wakakubali. Ikawa sheria ya nyumba: mbele ya mtoto, Kiswahili kitupu, mpaka akijue.

Walichosahau ni kupima Kiswahili chenyewe kama kinatosha. Cha Thadeo kilikuwa cha karakana: acha hapo, njoo jioni, hakuna. Cha Wankyo kilikuwa cha sokoni: punguza, ongeza, pima vizuri. Alipozaliwa binti yao, Esta, wakaongeza kula, kaa, acha na lala. Mtu akipita nje ya nyumba ile angedhani ni soko lisilo na bidhaa.

Wankyo alipofua, na miaka ile watu walifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, wimbo wa mama yake ulimjia kooni. Ulikuwa wa Kizanaki. Akaumeza. Thadeo alipotaka kumwambia mtoto habari ya kambale aliyewahi kumwuma babu yake kidole, aliitafuta kwa Kiswahili, akakuta ana kambale na ana kidole lakini hana njia ya kuwakutanisha. Akanyamaza.

Na mtoto alijaribu, tusimsingizie. Alipoanza kutembea, wakati wa mavuno alikaa na mama yake Buswahili, akarudi na neno la Kizanaki la maziwa. Akalisema, amenyoosha kikombe. Wankyo akaangalia mlangoni, akamwambia, "Hapana. Sema maziwa." Baadaye, alipopelekwa Majita, akaokota kwa bibi yake neno la Kijita la samaki. Thadeo akamwambia, "Sema samaki." Esta akamtazama huyu, akamtazama yule, akafunga duka kama yule wa barazani.

Thadeo na mkewe walipotaka kuongea kweli na ndugu zao, walitoka uani, kila mmoja na lugha yake na watu wake. Huko wakacheka, wakabishana, wakarudi ndani kimya. Esta akakua akijua kwamba maneno yanakaaga nje, kama kuku.

Akafika miaka mitatu. Masikio mazima; ukisema pampu, analeta pampu. Anaonyesha kwa kidole, anavuta nguo, analia akikataa. Neno, hapana.

Ndipo alipokuja Bibi Pelagia, mama yake Thadeo, na kikapu cha samaki wakavu. Bibi Pelagia kwao Majita alikuwa mtu ambaye watu walitoka kijiji cha pili kuja kumsikiliza. Lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani. Alijua amina, alijua tuombe, na alijua salamu. Alipoelezwa sheria ya nyumba, akakaa kwenye mkeka na amina zake, anamtazama mjukuu, mjukuu anamtazama. Waliendelea hivyo mpaka akachoka. Akamwita mwanawe uani.

"Huyu mtoto ulimi umeshikwa," akasema kwa Kijita. "Kuna uzi chini yake. Bunda yuko Mniko, anakata kwa wembe, mara moja tu. Amekata watoto wengi."

"Sawa, mama," akasema Thadeo.

"Nikishavuna narudi. Nikirudi na bado haongei, tunakwenda."

"Sawa, mama."

Wankyo hakujua Kijita kingi, lakini neno wembe linafahamika kwa uso. Bibi alipoondoka akamwuliza mumewe wamepanga nini. Thadeo akamweleza kwa maneno matano, na kwake ilikuwa hotuba.

"Nathanieli unamjua," Wankyo akasema.

Thadeo alimjua. Alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Wankyo, kule Buswahili. Alikatwa ulimi na mtu mwingine, si Mniko, kidonda kikaoza, akaishi kwa uji uliopoa mpaka wakamwitia padri. Alipona. Sasa ni kijana na ndevu, na anaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, kwa hiyo haongei sana.

"Wa kwangu hakatwi," akasema Wankyo.

"Mama ameshasema."

"Nimesikia ameshasema. Ndiyo maana na mimi nasema."

Hiyo ndiyo iliyokuwa hali. Mwanamume aliyeshindwa kumkatalia mama yake, mwanamke aliyekataa kabisa, na mtoto ambaye angeumaliza ugomvi wote kwa neno moja, kama angekuwa nalo.

Wankyo akampeleka Esta kliniki ya watoto, na Thadeo akafuata kwa sababu aliambiwa afuate. Nesi aliitwa Boke, Mkurya mnene, mpole, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Akasimama nyuma ya Esta akatikisa kiberiti. Esta akageuka. Nesi akakirudisha kiberiti mfukoni haraka, maana miaka ile kiberiti kilikuwa mali. Akamwonyesha mtoto ulimi wake mwenyewe, mtoto akamwonyesha wake, mrefu, unaotembea kulia na kushoto.

"Huu ulimi ungekuwa baiskeli, ningeununua," akasema. "Nyumbani mnaongeaga lugha gani?"

"Kiswahili," akasema Thadeo.

"Haya, ongeeni nisikie."

Thadeo akamtazama Wankyo. Wankyo akamtazama Thadeo. Nje jogoo akawika, akamaliza, akawika tena.

"Endeleeni," akasema nesi.

"Umekula?" akauliza Thadeo.

"Nimekula," akasema Wankyo.

Nesi Boke akangoja kidogo kama kuna kingine kinakuja, akaona hakiji.

"Sasa mtoto aibe nini hapo?" akauliza. "Mtoto anaibaga maneno. Hamna anayemfundisha, anaiba. Nyinyi nyumba yenu haina cha kuiba. Baba Esta, ukigonga kidole na nyundo unalia kwa lugha gani?"

"Kijita."

"Mama?"

"Kizanaki."

"Basi hizo ndizo mngempa. Kila mtu aongee naye lugha anayolilia. Zikiwa mbili hazimvunji shingo. Mimi kwetu nilikuwa na Kikurya cha baba na Kijaluo cha mama, Kiswahili nikakikuta shuleni kimekaa kinaningoja, hakijaenda popote."

"Lakini tumwambie nini?" akauliza Thadeo. Lilikuwa swali la kweli. Alikuwa na wasiwasi nalo tangu mwanzo.

"Unachofanya. Unafunga nati, mwambie nafunga nati. Akionyesha kitu kwa kidole, mtajie, usimsumbue kwamba alitaje yeye. Akisema neno limepinda, usimnyooshee kama tairi. Lichukue, lirudishe limekaa vizuri, ongeza lingine, endelea na safari. Na ukishasema, nyamaza umngoje. Wazazi wengi hapo ndipo wanashindwa, hawawezi kunyamaza."

Thadeo akainua kichwa. Hapo kwenye kunyamaza akaona ana msingi.

"Na ule uzi?" akauliza Wankyo.

"Uzi kila mtu anao. Hata mimi. Hata huyo mkata uzi."

Kesho yake Thadeo akampeleka Esta barazani, akamkalisha juu ya kreti la soda lililopinduliwa. Akachukua spana. Akasafisha koo. Akasema kwa Kijita, "Hii ni spana."

Akamaliza. Akatazama huku na huku, jasho likamtoka. Akakumbuka: unachofanya. Akasema, "Nafungua nati. Nati imekataa. Naipiga kidogo. Bado imekataa." Mambo yakawa rahisi kidogo, kwa kuwa miaka ile nati zilikataa sana na kulikuwa na mengi ya kueleza.

Mteja wa kwanza siku ile alikuwa Bernado, Mjita mwenzake, mchuuzi wa samaki aliyepeleka sato Butiama kwa baiskeli ambayo nusu yake ilikuwa waya. Akasimama, akasikiliza.

"Fundi, unaongea na nani?"

"Na mtoto."

"Mtoto amekuuliza?"

"Hapana."

"Basi unajibu kabla ya kuulizwa. Hiyo ni polisi wanatafutaga watu kama wewe."

"Sasa natoa gurudumu la Bernado," Thadeo akamwambia Esta. "Gurudumu la Bernado linanuka samaki. Bernado mwenyewe pia ananuka samaki."

Bernado akakaa chini kwenye ngazi. "Mimi nimekuwa mteja wako miaka mingapi, na hili ndilo neno la kwanza unaniambia. Na ni tusi."

"Siyo wewe naambia."

Habari ikaenea Mukendo kwamba Fundi Thadeo kichwa kimegusana. Wengine wakasema ni njaa, wengine wakasema ni gundi ya viraka, anainusa siku nzima. Wakaja na baiskeli zisizo na ugonjwa ili wasikie. Akazitengeneza hivyo hivyo, akisimulia. Na kila akisema maneno mawili matatu alinyamaza, akamtazama mtoto, akangoja. Wateja hawakuzoea kungojea mtoto. Mmoja akauliza, "Tunangoja nini?" Thadeo akasema, "Zamu yake." Mtu yule akatazama kreti, akaona hakuna linalokuja, akaheshimu zamu hata hivyo.

Nyumbani Wankyo alikuwa ameutapika wimbo aliokuwa ameumeza. Akafua nao, akakoroga ugali nao, akamwogesha mtoto nao. Alipofika mahali fulani panapotaka mtu wa pili aitikie, akaacha pengo. Siku nyingi pengo likabaki pengo. Halafu siku moja Esta akalijaza, kwa sauti ya chini, akiwa na sabuni ya mpapai masikioni. Wankyo hakushtuka, au alishtuka bila kuonyesha. Akaendelea na ubeti unaofuata. Alinisimulia mwenyewe kwamba alimaliza kumwogesha vizuri tu, akaenda nyuma ya nyumba, akashika ukuta.

Barazani neno lilikuja kwa njia nyingine. Mtu alifika anasukuma baiskeli, akauliza kama siku zote, "Fundi, mpira wa ndani upo?" Na kabla Thadeo hajatoa misumari mdomoni, kreti likajibu.

"Hakuna."

Lilitoka wazi, limenyooka, na mkono mmoja umekunjuliwa kama wa baba yake. Mteja akashukuru, akaondoka. Hakujua ameshuhudia nini. Thadeo akatoa misumari mdomoni mmoja mmoja. "Hakuna," akamwambia mwanawe. "Hakuna mpira wa ndani. Labda wiki ijayo." Akangoja. Esta akawa ameshahamia kwenye kuangalia mbuzi.

Bibi Pelagia alirudi baada ya mavuno, na samaki, na mtama, na safari ya Bunda kichwani. Wakamweleza kwamba sheria imekufa, aongee Kijita chake. Akafurahi, akamweka mjukuu mbele yake.

"Sema bibi."

Esta akamtazama.

"Sema bibi. Bi-bi. Sema. Sema samaki. Hutaki samaki? Sema ndiyo. Haya, sema jina lako. Jina lako nani?"

Esta akatazama vidole vya miguu yake. Alikuwa na majibu mengi ya kutosha, lakini si kila mtu anapenda kuonyesha mzigo wake kwa mtu anayeushikashika hivyo.

"Anaongea, mama," akasema Wankyo, Thadeo akafasiri. "Na mimi anaongea Kizanaki. Mengi tu. Anaunganisha."

"Nimekaa tangu asubuhi sijasikia."

"Hata mimi amenisemesha," akasema Thadeo. "Kwenye baiskeli."

"Alisemaje?"

"Alisema hakuna."

Bibi Pelagia akafikiri. "Hilo si neno," akasema. "Hilo nchi nzima inasema. Hata kasuku angeshika." Akajifunga kitenge vizuri. "Niliahidi nikirudi. Nimerudi."

Thadeo akafungua mdomo. Ulikuwa umeshazoea kufunguka siku hizi, lakini huu ulikuwa upande wake mgumu. Akaufunga. Wankyo akamsubiri, akaona hakuna kinachokuja, akamchukua Esta mgongoni.

"Mimi pia naenda Bunda," akasema. "Na wembe huo utanipitia mimi kwanza."

Bibi akamtazama mkwe wake. "Sawa," akasema. "Lori lina nafasi."

Walipata lori la mbegu za pamba. Bunda ilikuwa kwenye msimu wa pamba: magunia, vumbi, watu wa mizani wamepandwa na hasira kwa sababu ya jua. Mniko alikaa nyuma ya ghala, mzee mkavu, ameketi kwenye kigoda anakula karanga za kuchemsha. Wembe wake ulikuwa kwenye kipande cha karatasi, umefungwa vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi na watu walimletea.

"Tatizo nini?" akauliza kwa Kiswahili.

"Haongei," akasema Bibi Pelagia, naye alikuwa amejifunza neno hilo kwa ajili ya safari.

"Mwaka wa ngapi?"

"Miaka mitatu na msimu mmoja," akasema Thadeo.

"Mlete."

Wankyo hakumleta. Alikaa chini, akampakata Esta, akamzungushia mikono yote miwili. Mniko akasogeza kigoda mwenyewe. Alishazoea akina mama wa namna hiyo. Akamwinamia mtoto, akanyoosha kidole chake kirefu ili amwinue ulimi. Kidole kilikuwa na maganda ya karanga na kitu kingine cha siku nyingi.

Esta akakitazama kile kidole kilivyokuwa kinakuja. Akasema kitu kwa Kizanaki, maneno mawili, bila haraka.

Mniko akasimama hapo hapo alipokuwa, ameinama. Akatazama kidole chake. Akakaa.

"Amesema nini?" akauliza Bibi Pelagia.

"Anasema mkono mchafu," akasema Mniko.

"Nani?"

"Huyu asiyeongea."

Wankyo akatazama chini. Nyumbani kwake hakuna aliyegusa ugali kabla ya kuambiwa hayo.

"Umejuaje ndivyo alivyosema?" akauliza Bibi, na Thadeo akawa anamfasiria huku na huku.

"Mama yangu ni wa Butiama," akasema Mniko. "Niliambiwa hivyo hivyo mpaka nikaoa." Akajipangusa kwenye suruali, akaangalia tena, akaona bado. "Mama, huyu anaongea. Mimi nakata wasioongea."

"Ameongea Kizanaki," akasema Bibi Pelagia. "Mimi nimemleta kwa ajili ya Kijita."

"Uzi ungekuwa umeshika, ungeshika zote."

"Basi kata upande wa Kijita."

"Mama, ulimi hauna upande wa Kijita." Akasema kwa upole, kama mtu anayemwambia mteja kwamba ng'ombe wake ni dume. "Una ncha na una shina. Basi."

Akaufunga wembe kwenye karatasi yake. Akawapa karanga. Hakuwadai kitu, akaenda kutafuta maji ya kunawa.

Wakakaa pembeni ya barabara ya Musoma kungoja usafiri, juu ya gunia tupu. Wankyo aliwapisha kidogo, akasimama na kutazama barabara. Mikono yake ilikuwa bado imekunjwa kama imepakata mtoto, ingawa Esta alikuwa ameshateremka na anahesabu vumbi. Bibi Pelagia alizitazama karanga mkononi mwake.

"Amemwambia mkata uzi," akasema mwishowe. "Mtu hamjui. Mimi bibi yake hajaniambia kitu."

Hapo Thadeo akasema. Na alisema kwa mama yake, upande ule ule uliokuwa mgumu.

"Mama, ulimwuliza sana. Ulimfanya kama shahidi mahakamani. Mtu akisimamishwa hivyo hata mwenye kesi nzuri ananyamaza. Wewe kwenu watu wanatembea kuja kukusikiliza. Umeanza kumwuliza mtu lini? Unaongeaga tu, wanasogea. Mtoto naye ni mtu. Ongea, uache, asogee."

Mama yake akamgeukia. Tangu amzae hakuwahi kumsikia akienda mbali hivyo bila kupumzika.

"Niongee nini?"

"Unachofanya."

"Sifanyi kitu. Nimekaa."

"Basi mwambie umekaa."

Bibi Pelagia akaitazama barabara. Akaanza kwa Kijita, pole pole, wala hakumwelekea mtoto. Akasema amekaa. Amekaa kwenye gunia, gunia linachoma, ni gunia la pamba lakini pamba imeshaondoka imeacha miiba. Mguu wa kushoto unauma, ule uliopigwa na kasia zamani. Bunda ina vumbi, sijui watu wake wanafua saa ngapi. Sasa anamenya karanga. Hii ina mbili ndani. Hii haina kitu, imedanganya. Akanyamaza kidogo baada ya kila moja, kwa sababu msimulizi yeyote mzuri anajua mahali pa kunyamaza, hakuhitaji nesi.

Esta akaacha vumbi. Akasogea. Akakaa ubavuni, akaweka mkono kwenye mguu wa kushoto, akachungulia kwenye karanga.

Mtu mmoja akapita mbele yao anasukuma baiskeli yenye magunia mawili, anainama sana. Esta akaifuata kwa macho, akanyoosha kidole, akasema kwa Kijita, "Imepasuka."

Thadeo akamtazama mama yake. Alijua lililokuwa kooni kwake: amesema, ameongea, rudia, sema tena. Aliliona likipanda, akaliona likifika kwenye meno. Bibi Pelagia akachukua karanga nyingine, akaimenya mpaka mwisho.

"Imepasuka kweli," akasema. "Gurudumu la nyuma. Maskini, na mzigo wote ule, atafika kwake amechoka."

Akanyamaza, akangoja. Mtu wa baiskeli akaendelea kusukuma, akapita ghala, akapungua.

"Amechoka," akasema Esta.

"Sana," akasema bibi yake, akampa ile karanga.